Mlango wa Tatu

Saa nane za usiku. Trekta kumi na tisa
toka daraja la mizani hadi relini, Muhoroni,
na miwa iliyokatwa juzi imeanza kunuka uchachu.
Mimi ndiye karani wa mizani.
Meneja amepiga simu: sukari imejaa ghalani, funga.
Nimeshusha kizuizi. Rachier, dereva wa trekta ya kwanza,
amenitukana kwa lugha tatu,
kisha akaniomba kiberiti.

Kibandani nina daftari la Aluoch, binti yangu,
alilolisahau alipokuja kutoka Maseno.
Kurasa zina mafuta ya mandazi.
Nasoma kama mtu anayesoma barua ya jirani:
kila seli ina kiwanda chake.
Glukosi huingia; mlango wa kwanza hubandikwa fosfeti,
wa pili hugeuzwa umbo, ikawa na sura ya fruktosi.
Hadi hapo bado ina hiari, yaweza kwenda kulala akibani.
Ila mlango wa tatu
(kapigia mstari mara mbili, kalamu imetoboa karatasi),
ikishapita hapo, hakuna kugeuza trekta.

Bawabu wa hapo anaitwa fosfofruktokinesi.
Nimelitamka kwa sauti. Limenila pumzi mbili.
Kimeng'enya cha sehemu nne,
ndugu wanne walioshikana mabega:
mmoja akikunja uso, wote wamekunja.

Na kina mifuko miwili ya ATP, ile sarafu ya nguvu.
Mmoja wa kazi: humo huchota fosfeti ya kubandika.
Wa pili ni sikio.
Sarafu zikizidi, moja huanguka sikioni,
na mlango unakaza.
Yule yule anayekulipa ndiye anayekwambia, basi, yatosha.
Hiyo nimeielewa bila mwalimu.

Lakini sarafu zikitumika hubaki maganda, AMP,
na maganda yakirundikana uwanjani
ndiyo habari ya njaa, ndiyo humsukuma bawabu: fungua!
Hana shemeji makao makuu. Hapokei kitu kidogo.
Anaonja kilichopo, anafungua kwa kadiri.

Saa tisa trela la Kipng'eno likazama,
gurudumu la nyuma likamezwa na udongo mweusi.
"Nyar Koru, shuka!"
Nikashuka na gambuti zangu, tukasukuma watu saba,
haya, haya, tena,
mapaja yakawaka kama jiko la kukaangia omena.
Na katikati ya tope nikawaza:
humu, ndani ya nyama yangu, milango ya tatu
isiyohesabika imefunguka kwa mpigo,
na hakuna hata mmoja uliongoja simu.
Kisha maumivu. Aluoch kaandika pembeni, kwa penseli,
kwamba asidi ikizidi bawabu hupunguza mwendo,
moto usije ukala nyumba.
Trela likatoka likitema matope hadi kwenye nywele zangu.

Rachier kanipa nusu ya kiazi kitamu, cha jana, baridi.
Nimekila nimesimama.
Muwa ukilala juani unapoteza maji,
maji ni uzani,
uzani ni karo ya mtoto wa mtu.
Hiki kizuizi changu kina mfuko mmoja tu, wa simu ya juu.
Hakina pa kuonjea maganda.

Kulipopambazuka nikararua karatasi
nikaandika namba za trekta zote kumi na tisa,
saa iliyofika kila moja,
na jina la mwenye shamba, hata yule mjane wa Fort Ternan
mwenye robo eka. Kisha nikampigia mimi.
"Bosi, maganda yamejaa uwanjani."
"Maganda gani tena, mama?"
"Njoo," nikamwambia. "Njoo uonje."